Mkulima asiyeinama: asili ya neno la Kiingereza "prevaricate"

Swali lililoletwa ni hili, nami nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi ya kufasiri nyaraka za mahakama hapa Arusha, kutoka Kiingereza na Kifaransa kwenda Kiswahili. Katika hukumu moja jaji ameandika kwamba shahidi 'prevaricated' tangu alipoanza kuhojiwa hadi aliposhuka kizimbani. Kamusi niliyo nayo inasema maana yake ni kusema uongo, lakini moyo wangu unakataa. Wiki hiyohiyo nimekutana na 'prévarication' katika waraka wa Kifaransa unaomhusu ofisa wa serikali, na humo neno halielekei kuhusu usemi hata kidogo. Mwenzangu ofisini anashikilia kwamba yote mawili yametokana na neno la Kilatini lililozaa 'various', kwa kuwa mtu wa namna hiyo leo husema hivi na kesho vile. Asili yake hasa ni ipi, nami nifasiri vipi?"

Marahaba, ndugu mfasiri. Moyo wako umekataa kwa haki, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika, kwa sababu katika hukumu ya mahakama tofauti kati ya "alisema uongo" na "alikwepa swali" ni tofauti ya kosa la jinai. Neno hili halikuanzia mdomoni, lilianzia miguuni. Yeyote anayetaka kulifasiri bila kumwonea shahidi budi alifuate tangu huko.

Tulivunje kwanza. Kitenzi cha Kilatini ni "praevaricari". Mwanzoni kimesimama kiambishi "prae", chenye maana ya mbele, kisha kinafuata "varicari", yaani kutembea kwa kutanua miguu, na chini yake kabisa tunakuta kivumishi "varus", kilichopinda, hasa kwa miguu. Madaktari bado wanalo neno hilo: mtoto mwenye matege huandikiwa "genu varum", goti lililopinda, hadi leo. Warumi walilitumia hata kama jina la ukoo, na ndilo alilokuwa nalo Publius Quinctilius Varus, jemadari aliyepoteza vikosi vitatu vizima katika msitu wa Teutoburg, huko Ujerumani, mwaka 9 BK. Mshairi Horatius, katika tenzi zake za kejeli, anaeleza jinsi baba anavyokipunguzia makali kilema cha mwanawe kwa kukipa jina la upole, na mtoto aliyepinda miguu anaitwa na babaye "varus" kwa mapenzi tu. Nimeutaja mstari huo kwa sababu nitauhitaji tena kumjibu mwenzako.

Mwenzako hayuko peke yake. Mwanasheria mkubwa wa Roma, Labeo, aliyeishi zama za Kaisari Augusto, alifikiri vilevile: kwamba "praevaricator" limetokana na ushindani wa namna mbalimbali, "varia certatio", kwa kuwa mtu huyo husimama pande zote mbili. Maelezo hayo yanavutia, na yanafika karibu sana na tabia ya mtu mwenyewe. Lakini sauti zinayakataa. Kilatini kilitofautisha irabu ndefu na irabu fupi, na ushairi wake ulijengwa juu ya tofauti hiyo. Sisi katika shairi huhesabu mizani, kila silabi moja sawa na nyingine, ilhali wao walizipima silabi kwa urefu wake. Katika mstari ule wa Horatius, irabu ya kwanza ya "varum" imeangukia mahali ambapo lazima iwe ndefu, la sivyo mstari unavunjika. Linganisha na maneno mashuhuri ya mshairi mwenzake Vergilius kwamba mwanamke ni kitu kigeugeu, "varium et mutabile semper": hapo irabu ya kwanza ya "varium" imekaa mahali panapotaka fupi. Kwa hiyo "varus" na "varius" ni maneno mawili yanayofanana kwa maandishi tu, kama vile "paa" la nyumba na "paa" wa porini. Na kwa kuwa "praevaricari" lina irabu ndefu, kwao ni kwenye miguu iliyopinda, wala halina udugu na "various".

Sasa twende shambani, na hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo picha yote ilipo.

Plinius Mzee, aliyefariki mwaka 79 BK wakati wa mlipuko wa volkano ya Vesuvio, aliacha kazi kubwa ya vitabu 37 kuhusu maumbile, na kitabu cha 18 kinahusu kilimo. Akieleza namna ya kulima kwa maksai, anaandika sentensi fupi: "arator, nisi incurvus, praevaricatur", yaani mkulima asipoinama, hupinda. Aliyewahi kushika plau nyuma ya maksai, kule Usukumani au Iringa, haitaji maelezo zaidi. Plau la Warumi lilikuwa jepesi, la mti, lenye ncha ya chuma iliyoichana ardhi bila kuipindua, na mkono mmoja tu wa kushikia nyuma. Ncha ile ilizama kwa uzito wa mkulima mwenyewe. Akiinama na kuukandamiza mkono, ncha hukaa ndani ya udongo na mfuo huenda sawa. Akisimama wima kwa kuchoka au kwa uvivu, ncha hupanda juu, huteleza pembeni ya bonge gumu, na mfuo hukatika kushoto au kulia. Maksai hawajui, wanaendelea kuvuta. Anayetazama kutoka mbali naye hajui, maana anamwona mtu na maksai wake wanatembea, na vumbi linatimka kama kawaida. Shamba linaonekana linalimwa, kumbe haliko sawa, na mchana kutwa umeteketea.

Plinius anaongeza kwamba kutoka hapo shutuma hii ilihamishiwa barazani, mahali pa mahakama za Roma, na anasihi kwamba watu wajihadhari nayo angalau pale ilipozaliwa. Hapa mtafiti hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu Cicero, wakili na msemaji mashuhuri wa Roma, alikuwa ameshalitumia neno hili kimahakama mwaka 70 KK, karibu karne moja na nusu kabla Plinius hajaandika habari za plau. Kwa ushahidi wa maandishi peke yake, basi, mahakama imelitangulia shamba. Hata hivyo mimi naegemea upande wa Plinius kwa jinsi maana ilivyoanza. Neno lenye "miguu iliyopinda" ndani yake halikuanza kwa kumtaja wakili, na lugha huenda kutoka kwenye kinachoonekana kuelekea kwenye kisichoonekana mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake.

Katika ukurasa huohuo Plinius anamtaja ndugu mwingine. Tuta linaloinuliwa na plau liliitwa "lira", na kwenda kombo na tuta kuliitwa "delirare". Humo limetoka "delirium", neno ambalo wauguzi wetu hulitumia kwa mgonjwa anayeweweseka kwa homa kali. Aya moja tu ya kilimo imezaa neno la mgonjwa aliyepotewa na akili na neno la shahidi anayezikwepa njia zote zilizonyooka.

Tuingie mahakamani. Roma ya wakati wa Cicero haikuwa na ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma. Kesi ya jinai ililetwa na raia yeyote aliyejitokeza, akaomba kibali, akaibeba mwenyewe, na mshtakiwa akiachiwa huru, kwa kawaida hakuweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Nadhani umeshauona mwanya. Mtu tajiri aliyejua kwamba atashtakiwa alikuwa na njia rahisi kuliko kuhonga majaji wote: kumpata rafiki ajitokeze kumshtaki. Rafiki huyo alisimama mbele ya mahakama, akapaza sauti, akatoa hotuba ya ukali, lakini ushahidi mzito akauacha nyumbani, mashahidi wa maana asiwaite, na hoja dhaifu za utetezi akazipokea bila kuzipinga. Mshtakiwa aliachiwa, na mlango ukafungwa nyuma yake, isipokuwa hila hiyo ithibitishwe. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeitwa "praevaricator". Ulpianus, mwanasheria wa mwanzoni mwa karne ya 3, ambaye maneno yake yamehifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinianus mwaka 533, anamweleza kuwa ni kama mtu atembeaye kwa miguu iliyotanuka, anayeusaidia upande wa pili kwa kuisaliti kesi yake mwenyewe. Kiswahili kinaye mtu huyo kwa jina zuri kuliko la Kilatini: ndumilakuwili.

Mwaka huo wa 70 KK wenyeji wa Sisilia walitaka kumshtaki Gaius Verres, gavana aliyewapora kwa miaka mitatu. Cicero alijitokeza kuwawakilisha, lakini akajitokeza pia Quintus Caecilius, ambaye alikuwa mweka hazina wa Verres huko huko Sisilia, akidai kwamba yeye ndiye anayestahili kushtaki kwa kuwa Verres amemkosea. Ilibidi mahakama iamue kwanza nani aibebe kesi. Hoja kuu ya Cicero ilikuwa kwamba Caecilius hakuwa mshtaki wa kweli, na kwamba akipewa kesi mfuo utapinda. Alishinda. Akaomba siku 110 za kukusanya ushahidi, akatumia 50 tu, na baada ya kikao cha kwanza Verres akakimbilia uhamishoni bila kungoja hukumu.

Ni muhimu uone kwamba hadi hapo neno halikuhusu kusema uongo. Mshtaki ndumilakuwili aliweza kusema kweli tupu kutoka asubuhi hadi jioni, na kosa lake likawa katika yale aliyoyaacha. Mwanasheria Marcianus anaweka wazi jambo hili anapotaja makosa matatu ya washtaki, kila moja na adhabu yake. La kwanza ni "calumnia", kumbandika mtu mashtaka ya uongo. La pili ni "praevaricatio", kuyaficha mashtaka ya kweli. La tatu ni "tergiversatio", kugeuza mgongo na kuitupa kesi kabisa. Kiingereza kimeyarithi yote matatu, ingawa la tatu halitumiki ila na wasomi wachache. Unaona jinsi Warumi walivyoutenga uongo mbali na kupinda: ulikuwa na jina lake, na jina hilo si hili lako. Adhabu nazo ziliongezwa mwaka 61 BK, siku za Kaisari Nero, baada ya mtu mmoja aliyeitwa Valerius Ponticus kuwapeleka washtakiwa mbele ya hakimu mwingine ili wasifikishwe kwa mkuu wa jiji, akitumia sura ya sheria kuikwepa sheria. Seneti ilimwaibisha, kisha ikaamuru kwamba aliyenunua huduma ya namna hiyo na aliyeiuza waadhibiwe vilevile.

Baadaye Wakristo wa Kilatini walihitaji neno la kufasiri "parabasis" la Kigiriki, ambalo nalo ni neno la mwendo, kupita kando ya njia au kuvuka mpaka, na wakachagua "praevaricatio". Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 4, mstari wa 15, pale Paulo anaposema kwamba pasipo sheria hapana kosa, Biblia ya Kilatini imeandika "ubi enim non est lex, nec praevaricatio". Mshtaki aliyeisaliti kesi yake amegeuka mwenye dhambi aliyeiacha njia ya Mungu. Kwa maana hiyo ya uasi wa amri, neno lilipita katika Kifaransa cha kale na kuingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14. Mwingereza wa wakati huo angeliambiwa kwamba Adamu alitenda "prevarication" asingefikiria maneno ya kukwepa. Angefikiria tunda.

Hapa njia zinagawanyika, na ndipo ulipokwama na waraka wako wa Kifaransa. Kifaransa kimeendelea kubaki karibu na mahakama ya Roma: "prévarication" ni mtu aliyepewa dhamana ya ofisi, awe hakimu, waziri au mtunza fedha, kuukiuka wajibu wa ofisi hiyo kwa makusudi. Kihispania kimekaza zaidi, kwa kuwa katika sheria ya Uhispania "prevaricación" ni kosa la jinai la jaji au ofisa anayetoa uamuzi usio wa haki huku akijua kwamba si wa haki. Mwenye dhamana anaonekana anaitumikia ofisi, kumbe ameipinda. Kiingereza ndicho kilichoondoka nyumbani. Katika karne ya 17 maana ya dhambi ilikuwa imeanza kufifia, na neno likashuka kutoka kwenye mwenendo hadi kwenye usemi: kutoa jibu lisilo jibu, kuzunguka swali, kusema jambo la kweli lililochaguliwa ili lifiche kweli nyingine. Karne hiyohiyo Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa na msemaji aliyeitwa "prevaricator", ambaye kazi yake katika sherehe za mahafali ilikuwa kuzichezea hoja kwa ulimi wa kejeli, jambo linalonionyesha kuwa wasomi wa pale walishalisikia neno hili kama jambo la ulimi.

Kiingereza cha leo kimeongeza utata mara mbili. Wamarekani wengi hulitumia kama njia ya adabu ya kumwambia mtu kwamba anadanganya, na bila shaka ndiko kamusi yako ilikochota. Huko Uingereza, watu wengi hulichanganya na "procrastinate", neno la kuahirisha mambo, lililojengwa juu ya "cras", yaani kesho. Ukilikuta katika gazeti la Uingereza kuhusu serikali iliyochelewa kuamua, yaelekea mwandishi alimaanisha kuchelewa tu. Lakini jaji anayeandika hukumu ya Kiingereza cha kisheria hupima maneno yake, na kama hakutaja mahali popote kwamba kauli fulani ya shahidi imethibitika kuwa ya uongo, basi hujapewa ruhusa ya kuutia uongo humo.

Kwa hukumu yako, Kiswahili kina maneno ya kutosha. Kwa mazungumzo ningesema shahidi aliumauma maneno au aliyamung'unya, na hakuna mtu wa Mombasa wala wa Mwanza asiyeelewa. Tahadhari tu kwamba "kumung'unya" huweza kusikika kama woga au kigugumizi, ilhali neno la jaji lina makusudi ndani yake. Kwa lugha ya hukumu ningeandika: "Tangu alipoanza kuhojiwa hadi mwisho, shahidi alikuwa akiyakwepa maswali kwa makusudi na kupindisha majibu." Kupindisha kunahifadhi hata ule mfuo wa Plinius, na hilo si pambo. Mtu anayepindisha jibu bado analima, ila kuelekea asikotakiwa. Ukiandika "alisema uongo", msomaji wa Kiswahili atadhani mahakama imemtia shahidi katika kosa la kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo, na shahidi huyo anaweza kuulizwa juu ya jambo ambalo jaji hakulisema.

Kwa waraka wa Kifaransa usitumie neno lolote la usemi. Andika "kukiuka kwa makusudi wajibu wa ofisi", au, kama mazingira yanaonyesha kwamba ofisa aliitumia nafasi yake kwa faida ya upande fulani, "kuisaliti dhamana ya ofisi". Usikimbilie "matumizi mabaya ya madaraka" kabla ya kuangalia kifungu kinachotajwa, kwa kuwa hilo ni jina la kosa mahususi katika sheria zetu, na huenda sheria ya nchi ilikotoka hati hiyo inalo kosa hilo kwa jina jingine. Na kama nyaraka hizo mbili ni za kesi moja, weka maelezo mafupi pembezoni mwa kila moja kuonyesha kwamba "prevaricate" ya Kiingereza na "prévarication" ya Kifaransa hazikufasiriwa kwa neno moja kwa makusudi, ili atakayepitia kazi yako asije "kusahihisha" moja ifanane na nyingine.